Takhmisi ya Elisi: Kitabu, Mchezo na Kalamu ya Kompyuta

Mtunzi wa zamani aliyependezwa na utungo wa mwenziwe hakukaa akausifu tu. Aliutwaa, akaitanguliza mishororo yake mitatu mbele ya ile miwili ya asili, akautoa ukiwa wa mishororo mitano, na kazi hiyo ikaitwa takhmisi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliufanyia hivyo utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, wala hakuna aliyemwita mwizi. Sharti lilikuwa moja, nalo ni zito: mishororo ya mgeni ifuate kina cha mwenyeji, na mwenyeji abaki mahali pake bila kuguswa. Ubora wa mwenye kuongeza, au upungufu wake, ulionekana papo hapo, kwa kuwa msomaji alikuwa na maneno ya asili mbele ya macho yake na aliweza kuyapima.

Mizani hiyo ya zamani yafaa kuletwa katika sanaa ambayo wakubwa wengi huitazama kwa jicho la pembeni. Ni ile ya vijana wakaao mbele ya kompyuta wakachora, kwa kalamu isiyo na wino, picha zitokanazo na michezo na vitabu wavipendavyo. Wapo wasemao kuwa huo ni uigaji mtupu, na kwamba mwenye kipawa angebuni vya kwake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu, basi takhmisi yote ingefutwa, na tafsiri nayo ingefuatia. Suala si kama mchoraji ametwaa cha mwenziwe. Suala ni kama amekifuata kina, na kama mishororo yake ina uzito wa kusimama karibu na ile iliyoipokea. Hilo halijibiwi kwa jumla jumla. Huhitaji mfano mmoja uchunguzwe, na hapana mfano uliojaa zaidi ya ule wa Alice, msichana aliyeingia katika shimo la sungura mwaka 1865 na ambaye hadi leo hajaachwa apumzike.

Ianzwe na maneno yenyewe. Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford aliyejiita Lewis Carroll, aliandika hadithi yake kwa mkono na kumpa zawadi mtoto Alice Liddell mwezi wa Novemba 1864, pamoja na picha 37 alizozichora mwenyewe. Kitabu kilipochapishwa mwaka uliofuata, picha zilikuwa 42, na zilikuwa za mtu mwingine, John Tenniel. Sasa msomaji na arudi katika maandishi atafute sura ya Alice. Atapata kidogo mno. Nywele zake si za mapindopindo. Mtengeneza kofia humwambia, bila adabu, kuwa zataka kukatwa. Ana mfuko wa nguo wenye peremende na subana. Rangi ya gauni haikutajwa, wala rangi ya macho, wala ya nywele. Carroll, ambaye hakuacha neno lipite bila kulipindua, alimwacha msichana wake bila sura. Kwa mtunzi, ukimya wa namna hiyo ni mlango, na karne moja na nusu ya wachoraji imepita humo.

Wa kwanza kupita alikuwa Tenniel, na alipita kwa kishindo. Alikuwa mchora katuni wa jarida la Punch, mtu mwenye jina kubwa kuliko la mwandishi. Michoro yake ilihamishiwa kwenye vipande vya mti mgumu, na mafundi wa karakana ya ndugu Dalziel wakaichonga kwa patasi, mstari kwa mstari. Nakala 2,000 za kwanza zilipotoka mitamboni hakuridhika na jinsi picha zilivyochapwa. Carroll akaziondoa, akakubali hasara, kitabu kikachapwa upya. Katika kitabu cha pili, kile cha kupita ndani ya kioo cha 1871, Tenniel alikwenda mbali zaidi: alimshauri mwandishi aondoe kisa kizima cha nyigu avaaye nywele za bandia, kwa kuwa hakuona njia ya kumchora. Kisa kikaondolewa. Karatasi zake zilijitokeza mnadani London mwaka 1974, na maandishi yakachapishwa 1977. Wanaodhani kuwa mchoraji ni mtumishi wa neno na wamzingatie nyigu huyo, aliyekaa kizani zaidi ya miaka mia kwa sababu mkono wa mchoraji ulisita.

Ndiyo maana watu wengi hawajui kuwa Alice wanayemjua ni wa Tenniel, si wa Carroll. Na hata wa Tenniel amevishwa tena na tena. Katika chapa ya watoto wadogo ya 1890, ambamo baadhi ya picha hizo zilitiwa rangi, gauni lake ni la manjano. Buluu ambayo dunia nzima huiapia ilikuja kwa wengine, na filamu ya Disney ya 1951 ikaipigia mhuri. Haki ya kumiliki kitabu ilipokwisha Uingereza mwaka 1907, wachoraji walimiminika, Arthur Rackham akiwa miongoni mwao, kila mmoja na Alice wake.

Katika msafara huo Kiswahili kina nafasi isiyotajwa vya kutosha. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilichapisha Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Bi. St Lo Conan-Davies. Picha zake zilifuata mpangilio wa Tenniel, lakini Elisi aliyemo ni msichana wa Kiafrika. Yasemwe yatakayosemwa kuhusu zama zile za ukoloni na nia za wachapishaji wake, na mengi yana haki ya kusemwa, uamuzi ule wa kisanaa ulikuwa wa kijasiri kuliko kazi nyingi zilizoufuata. Mchoraji hakuubomoa utunzi wa Tenniel. Alikiacha kina mahali pake, akaingiza mishororo mipya: sura. Kwa mtoto aliyekifungua kitabu hicho, Alice hakuwa mgeni aliyetafsiriwa maneno yake tu huku mwili ukibaki ng'ambo. Yeye mwenyewe alikuwa amevuka. Tafsiri ya pili, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2015, na kuwa na tafsiri mbili za kazi moja ni utajiri ambao lugha hii haiupati kila siku. Hata hivyo Elisi wa 1940, kama picha, hajapata mrithi.

Mrithi aliyepata watu wengi alitokea upande usiotarajiwa. Mwezi wa Desemba 2000 kampuni ya Electronic Arts ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao American McGee's Alice. (American ndilo jina la kuzaliwa la mbunifu wake, asije mtu akadhani ni uraia.) Humo Alice ni msichana mkubwa. Nyumba yao imeungua, wazazi wamekufa motoni, naye amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Nchi ya ajabu ni akili yake mwenyewe iliyoharibika. Gauni ni la buluu, aproni nyeupe ina madoa ya damu, nywele ni nyeusi, mkononi ana kisu. Paka wa Cheshire, ambaye kwa Tenniel ni mnene aliyeshiba, hapa ni mifupa mitupu, ana chale mwilini na herini sikioni.

Je, hii ni takhmisi au ni uporaji? Wapinzani walisema kitabu cha watoto kimenajisiwa. Lakini kina kimefuatwa, tena kwa makini. Ni paka yuleyule wa kitabuni anayemwambia Alice kuwa wote waliopo pale ni wendawazimu, yeye akiwemo. Carroll aliitoa kauli hiyo kwa mzaha. Mchezo uliichukua kwa ukweli wake na kuuliza ingekuwaje kwa mwenye kuambiwa. Hilo ni swali halali la mshairi. Nywele nyeusi nazo si za kubuni ovyo, kwani Alice Liddell wa kweli, aliyepigwa picha na Carroll mwenyewe, alikuwa na nywele za rangi nzito zilizokatwa fupi. Kasoro ya kazi ile iko pengine, nayo ni mbili. Kwanza, kicheko kimetupwa nje. Kitabu ambacho kila ukurasa wake huchezea mantiki na maneno kimegeuzwa kilio kimoja kirefu, na kilio kisicho na mapumziko huchosha kama shairi lenye kina kimoja tu hadi kituoni. Pili, mchezo umempa shujaa wake jina kamili la mtu aliyeishi, Alice Liddell, kisha ukaiteketeza familia yake. Alice Liddell hakuhitaji msiba wa kubuniwa. Alifiwa na wana wawili katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaishi hadi 1934, bila kisu mkononi.

Mchezo wa pili, Alice: Madness Returns, ulitolewa mwezi wa Juni 2011, nao ulichorwa Shanghai, ambako McGee alikuwa ameanzisha karakana yake ya Spicy Horse. Mwongozaji wa sanaa alikuwa Ken Wong, Mwaustralia ambaye baadaye aliongoza ubunifu wa Monument Valley, mchezo wa 2014 uliojengwa juu ya ngazi na minara isiyowezekana kwa mtindo wa Escher. Hapa ndipo jambo la Elisi lilipojirudia bila mwenyewe kujua. Kundi la wasanii, wengi wao Wachina, walimpokea msichana wa Kiingereza na kumvika nguo tofauti kwa kila nchi anayoifikia. Katika ile ya Mashariki amevaa hariri na anapambana na nyigu wenye silaha, katika mandhari ya karatasi zilizokunjwa na wino. Si yote yaliyofuzu. Baadhi ya mapambo ni ya duka la watalii, China na Japani zikiwa zimemwagwa katika chungu kimoja. Lakini pale ambapo mlima umechorwa kwa brashi na ukungu umeachiwa nafasi tupu, inaonekana dhahiri kuwa mikono ile ilikuwa nyumbani, na kwamba Alice ametafsiriwa, hakusafirishwa tu.

Kutokana na michezo hii miwili limezaliwa jeshi la wachoraji wa dijitali duniani kote, wasiolipwa na wasioajiriwa, ambao kila mmoja ana Alice wake. Na hapa mhakiki mwenye huruma hulazimika kuwa mkali. Sehemu kubwa ya michoro hiyo ni kisu, damu na moshi. Msichana amesimama katikati, amemkabili mtazamaji, gauni linapeperushwa na upepo usiojulikana watokako, paka yuko nyuma ya bega. Uhodari wa mkono ni mkubwa, pengine kupita kiasi. Kitambaa kinang'aa kama kitambaa, chuma kama chuma. Lakini hakuna kinachotokea. Tenniel alimchora Alice akifanya jambo: amemshika nguruwe mchanga mikononi, ameijaza nyumba mpaka mkono umetokea dirishani, amesukuma pazia akaona mlango mdogo. Michoro ya siku hizi humpiga picha ya pasipoti.

Chombo chenyewe kina sehemu yake katika lawama. Mchongaji wa mti akikosea, mti umeharibika. Ndiyo maana kila mstari wa Tenniel una uamuzi ndani yake. Mwenye kalamu ya kompyuta huchora katika matabaka, anga tabaka lake, mwili tabaka lake, kivuli tabaka lake, na lolote hutenguliwa kwa kidole kimoja. Uhuru huo ni neema, na si haki kumtaka kijana arudi kwenye patasi. Hata hivyo asiyelazimika kuamua huahirisha kuamua, na dalili ya uamuzi ulioahirishwa ni ukungu. Panapoonekana moshi mwingi chini ya miguu ya msichana, yamkini mchoraji hakujua amesimama juu ya nini.

Lililo zito zaidi ni kwamba wengi wameuchora mchezo bila kukisoma kitabu. Wametunga takhmisi juu ya takhmisi, na mishororo miwili ya asili haimo. Hasara yake huonekana vizuri kwa kiumbe mmoja. Waingereza wa zama zile, waliopenda supu ya kasa na wasimudu bei yake, walipika kichwa cha ndama na kukiita kasa wa bandia. Carroll akauliza kimoyomoyo: ikiwa kuna supu ya kasa wa bandia, basi kasa wa bandia mwenyewe ni mnyama gani? Tenniel akajibu kwa mchoro: gamba na makasia ya mbele ya kasa, kichwa, miguu ya nyuma na mkia wa ndama. Huo ni mchezo wa maneno uliotafsiriwa kwa mistari, na mfasiri yeyote aliyekwama mbele ya kisa kile anajua thamani ya picha hiyo. Humpa msomaji wa lugha nyingine nusu ya kichekesho ambacho maneno hayawezi kukivusha. Visiwani, ambako kasa hutaga mchangani na watoto wanamjua kwa sura, mnyama yule ni wa kuchekesha maradufu. Mchezo wa 2011 ulimfanya nahodha wa chombo kiendacho baharini, na hapo angalau ubaharia wake umeheshimiwa. Katika michoro ya wapenzi, hata hivyo, kiumbe huyo anapochorwa bila kichwa cha ndama, kwa kuwa mchoraji hakujua kinatoka wapi, hubaki kobe mwenye huzuni, na utani wa miaka mia moja na hamsini unakufa bila mazishi.

Kuna suala jingine ambalo si la ladha. Alice wa Carroll hana mwenyewe. Ni wa kila mtu. Alice mwenye nywele nyeusi na aproni ya damu ni mali ya kampuni. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2023. Kwa miaka kadhaa McGee, kwa michango ya wapenzi wa michezo ile, alikuwa akiandaa mchezo wa tatu, Alice: Asylum, na maandalizi hayo yalikuwa kitabu cha usanifu cha mamia ya kurasa, kimejaa michoro ya dijitali ya nguo, viumbe na vyumba vya hospitali. Mwezi wa Aprili mwaka huo alitangaza kuwa Electronic Arts imekataa kuugharimia mchezo na imekataa pia kumpa ruhusa ya kuutengeneza kwingine, na kwamba yeye anaiacha kazi ya michezo. Kitabu kile cha michoro kikabaki peke yake, vielelezo vya mchezo usiokuwepo.

Wapo waliolia kuwa kazi imepotea. Hukumu hiyo ni ya haraka. Ukizitazama kurasa zile bila kungojea mchezo, zinaanza kufanana na kitu kingine, kitabu cha picha kilichotafuta maneno yake na kuyakosa, kinyume cha kile cha Carroll kilichokuwa na maneno kikatafuta picha. Baadhi yake ni bora kuliko chochote kilichomo katika michezo miwili iliyotangulia, kwa sababu mchoraji hakufikiria namna msichana atakavyoruka kutoka jukwaa hadi jukwaa. Alifikiria chumba tu, na mwanga wa dirisha, na mtu aliyeketi. Lakini mpenzi anayetaka kuziendeleza picha hizo hana uhakika wa kesho yake. Leo kampuni inamvumilia, na uvumilivu si haki. Ilhali akirudi hatua moja nyuma, kwa msichana asiye na rangi ya gauni, hakuna wa kumwomba ruhusa. Mashine zitoazo picha kwa kuandikiwa maneno, zilizotapakaa tangu 2022, zimeongeza uzito wa chaguo hilo: ukizitajia Alice hurejesha kile kilichorudiwa zaidi, buluu na aproni, kwa kuwa zimelishwa vilivyochorwa, na ukimya wa Carroll haukuchorwa na mtu.

Wachoraji wachache wameusikia ukimya huo, na kazi zao hazina kisu. Mmoja wao, ambaye picha zake hupita mkono kwa mkono bila jina, amemweka Alice mdogo mno chini ya ukurasa, mgongo kwa mtazamaji, na juu yake hakuna paka, bali kicheko tu, kimechorwa kwa mstari mmoja mwembamba ambao jicho huuchukua mwanzoni kuwa mwezi mchanga. Matabaka yote ya kompyuta yamo, lakini karibu yote ni matupu. Carroll alikwisha kuicheza hila hiyo kwa karatasi: katika chapa ya watoto ya 1890 humwambia mtoto aikunje pembe ya ukurasa, na paka aliye tawini anatoweka, pakabaki ukurasa wa nyuma yake wenye meno peke yake.